Hewa ya moto chini ya boneti

Hapakosi mtu wa kuniuliza kwa nini Land Cruiser yangu haina ile filta ya koni inayokaa wazi juu ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na kunguruma vizuri ukikanyaga mafuta. Huwa namjibu kwa swali: hiyo koni inavuta hewa ya wapi? Inavuta ile ile iliyokwisha kupita kwenye rejeta, ikapulizwa na feni, ikapigwa na joto la ekzosi. Kinachoongezeka ni mlio.

Gari lenyewe ni FJ40 yenye injini ya 2F, silinda 6, lita 4.2. Kwenye injini hii manifoldi ya kuingiza hewa (mabomba ya kuigawa kwa silinda) imelala juu ya manifoldi ya ekzosi, upande mmoja, na si kwa bahati mbaya: joto linasaidia petroli kugeuka mvuke asubuhi ya baridi. Kabureta imekaa juu ya zote mbili. Kwenye lami hilo halisumbui. Shida huanza ukitia gia nzito na kuanza kutambaa juu ya mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upepo wa mbele hakuna, feni inasukuma joto la rejeta kuelekea nyuma, na joto hilo halina pa kutokea.

Nilipitisha waya wa kipimajoto hadi ndani ya kopo la filta ili nisibishane kwa maneno matupu. Nje ilikuwa nyuzi 31. Kwenye lami, ndani ya kopo, 44. Kwenye mawe ikafika 68, na bado ilikuwa inapanda.

Hesabu yake ni fupi. Ongeza 273 kwenye kipimo cha nje na cha mwisho, ili uhesabu kuanzia sifuri halisi ya joto, kisha gawanya: 304 kwa 341. Maana yake kila silinda inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 11. Lakini kwa kabureta si nguvu tu inayopotea. Kabureta haina sensa. Inajua tu mvuto unaotokea kwenye koo lake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli nayo hupungua, ila si kwa kiwango kile kile, na mchanganyiko unabaki na petroli ya ziada kwa takribani nusu ya upungufu wa hewa. Hapa kwangu ni kama asilimia 5 au 6. Ndipo injini inapoanza kumisi, yaani kurukaruka bila kuwaka sawasawa, na plagi kuingia masizi, tena mahali unapotaka itulie kuliko pengine popote. Mwenye injeksheni, mfumo wa kupulizia petroli kwa kompyuta, hajui adha hii, kompyuta yake inamrekebishia.

Kwa hiyo akija mtu na hadithi ya nguvu farasi namsikiliza kwa adabu tu. Mimi ninachotafuta ni injini isiyoguguma kwenye mwinuko.

Dawa yangu ni snokeli, bomba la kuvuta hewa kutoka juu nje ya boneti. Kuna wanaosema mdomo wake uangalie mbele ili mwendo wa gari usukume hewa ndani. Kwa kilomita 100 kwa saa, msukumo huo haufiki hata nusu ya asilimia moja ya shinikizo la kawaida la hewa. Ukiwa unatambaa ni kama haupo. Nikifuata gari jingine kwenye vumbi nakigeuza kichwa cha snokeli kiangalie nyuma, na sijaona tofauti yoyote isipokuwa filta kukaa safi muda mrefu zaidi.

Hewa baridi kuliko zote iko mbele ya rejeta, nyuma ya grili. Pia ndipo maji yanapofika kwanza ukiingia mtoni, na maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi. Konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ndiyo inayopinda. Ndani ya madigadi kuna ubaridi wa kutosha, ila tairi linarusha tope huko. Nikabaki na njia ya juu: bomba linashuka kutoka juu kando ya kioo cha mbele, kisha linapita kwenye madigadi na kuingia kwenye kopo la filta lililofungwa pande zote.

Hosi inayoleta hewa kwenye kopo ni ya milimita 75. Injini hii kwenye mizunguko 3,000 hunywa karibu lita 85 za hewa kwa sekunde, na mita moja ya hosi hupitwa kabla joto halijaigusa hewa. Ndiyo maana watu huona kuivisha hosi karatasi inayong'aa ya kuzuia joto ni urembo. Wakati injini inazunguka polepole, hewa ile ile inakaa ndani ya hosi zaidi ya mara kumi ya muda huo, na hapo inaiva. Yangu niliivisha, nikaipitisha mbali na ekzosi hata ilipobidi kuirefusha. Sasa kwenye mawe yale yale, nje joto likiwa karibu na lile la awali, kopo linasoma 39.

Viungo ni muhimu kuliko bomba. Klipu ikilegea baada ya filta, unameza vumbi bila kujua. Mimi huacha injini ikizunguka polepole, nikaziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao: isipozimika, kuna mahali inavuta hewa ya wizi.

Jambo moja watu hulichanganya na hili. Gari likizimwa likiwa na moto halafu likagoma kuwaka baada ya dakika kumi, snokeli haina dawa yake. Hapo petroli imechemka ndani ya bakuli la kabureta. Bakuli hilo lina tundu la pumzi, halina shinikizo la kuizuia petroli isichemke kama mfumo wa injeksheni. Dawa ni kizuizi kinene cha bakelaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto kirahisi) chini ya kabureta, bati la aluminiamu la kukinga joto la ekzosi, na bomba la petroli kuwekwa mbali na moto. Toyota wenyewe waliweka feni ndogo ya kupoza kabureta kwenye baadhi ya FJ60, Land Cruiser nyingine, kwa hiyo tatizo walilijua.

Halafu msing'oe kila kinacholeta joto. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na koo la kabureta linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya hewa inayoingia. Asubuhi ya nyuzi 8 yenye ukungu, barafu inaweza kuganda humo ndani na injini ikazimika. Kwenye magari mengi ya zamani ndiyo kazi ya kile kibati cha kuvuta hewa ya moto iliyo pembeni mwa ekzosi. Kama unaishi kwenye baridi, kiache.

Jeti kuu, tundu linalopima petroli ndani ya kabureta, sikuigusa. Hewa nzito hufanya petroli ipungue kwenye mchanganyiko kuliko hapo awali, kwa hiyo niliangalia plagi kwanza: zilikuwa nyeusi, zimekuwa za kahawia hafifu. Nilichozungusha ni skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa chini, robo mzunguko. Plagi zingegeuka nyeupe, dalili ya petroli pungufu, ningepanda jeti saizi moja kabla ya kupeleka gari popote.