Kumbukumbu ya mradi: printa moja, XP ya mzee na Windows 11 ya mama watoto

Wadau, naandika hapa nilipofikia na ule mradi wa kufanya printa moja itumike na kompyuta zote za nyumbani. Printa ni HP LaserJet 1320, ya zamani kweli ila inapiga pande mbili za karatasi yenyewe na tona yake ya 49A bado inapatikana, sioni sababu ya kuitupa. Kompyuta ya mzee ina Windows XP na haibadilishwi kwasababu programu yake ya stoo haikubali kukaa kwenye kitu kingine, mama watoto ni mwalimu ana laptopu ya Windows 11 na ndo anayeprinti kuliko wote, kipindi cha mitihani ndo usiseme. Mimi natumia Linux, watoto wana simu.

Njia ya kawaida ni kuchomeka printa kwenye kompyuta moja ya Windows halafu unashea. Hapa ndo shida inapoanzia, maana XP inajua SMB1 tu (lugha ya zamani ya Windows ya kushea mafaili na printa), na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 ukiiweka upya SMB1 haipo mpaka uiwashe mwenyewe. Mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kwa kupitia tundu la SMB1. Mtandaoni wengi wanakwambia iwashe tu mambo yaende, mimi hapana, siwezi kufungua mlango huo kwenye laptopu yenye maksi za wanafunzi wa watu eti kwasababu ya printa. Na hata bila XP kuna lile kosa la 0x0000011b la Windows kukataa kuunganisha printa ya kushea, lililoanza na apdeti za Septemba 2021, dawa inayozunguka ni kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe 0 kwenye rejistri (setingi za ndani za Windows), yaani unazima kinga ya huduma ya kuprinti ya Windows. Hiyo nayo nikaiacha.

Nilichofanya ni kuweka Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha ubao mmoja) katikati. Printa imechomekwa kwenye Pi kwa USB, Pi ina CUPS (programu ya Linux ya kusimamia printa), na kila kompyuta inatuma kazi kwa IPP, lugha ya kuprinti kupitia mtandao, kwenye poti 631. Uzuri ni kwamba XP inaijua IPP tangu zamani, haihitaji SMB hata kidogo, kwahiyo mzee na mama watoto mashine zao hazikutani kabisa, zote zinaongea na Pi basi.

Kwenye Pi ni hivi:

sudo apt install cups avahi-daemon
sudo cupsctl --share-printers --remote-any

Halafu printa nimeiita Nyumbani. Kwenye XP unaongeza printa ya mtandao, kwenye anwani unaandika http://192.168.1.50:631/printers/Nyumbani (weka IP ya Pi yako, na hiyo IP uifunge kwenye rauta isihame). Andika IP usiandike jina, CUPS inakataa majina isiyoyajua mpaka uweke ServerAlias kwenye cupsd.conf (faili la setingi za CUPS). Draiva chagua MS Publisher Imagesetter, ni ya PostScript ya kawaida (lugha ya kuielezea printa ukurasa), inakuja na Windows yenyewe, na CUPS inaielewa vizuri tu. Hii imeniokolea kazi kubwa ya kutafuta draiva za biti 32 kwenye saiti za ajabuajabu. Simu hazikuhitaji chochote, Avahi inaitangaza printa kwenye mtandao wa nyumbani, zinaiona zenyewe.

Vitu viwili vya kuangalia sana. Cha kwanza karatasi, kazi ikitumwa ikiwa na saizi ya Letter printa inawasha taa inasimama inasubiri karatasi ambayo huku hatuna, kwahiyo weka A4 kwenye CUPS na kwenye kila kompyuta pia. Cha pili umeme. Ukikatika printa ikazima na kazi ipo foleni, CUPS inaweza kuisimamisha foleni nzima na umeme ukirudi inabaki imesimama hivyohivyo, mama watoto anabonyeza printi hakuna kinachotoka. Tiba yake:

sudo lpadmin -p Nyumbani -o printer-error-policy=retry-job

Sasa printa ikiwaka kazi inaendelea yenyewe bila mtu kuniita. Hii setingi ndo naipenda kuliko zote kwakweli.

XP nimeizuia kwenye rauta isitoke intaneti, apdeti zake ziliisha Aprili 2014 na mzee haihitaji intaneti kwenye ile mashine, anaprinti tu orodha zake za mzigo. Mtihani wa muhula wa mama watoto umeshatoka hapahapa nyumbani, pande mbili, hajaenda stesheneri.

Kilichobaki ni betri ndogo ya kuilinda Pi maana kadi ya memori haipendi kuzimwa ghafla, nikishaipata na kuifunga nitaandika inadumu muda gani.