Kila huduma na faili lake

Wandugu wa Goma mnaochunga seva, leo nimemaliza kulikata lile faili refu la /etc/rsyslog.conf, lenye mipangilio ya rsyslog (programu inayoandika kumbukumbu za seva). Sasa kila huduma ina lake ndani ya /etc/rsyslog.d. Namba za mbele ya majina ya mafaili si pambo: rsyslog husoma kwa kufuata mpangilio wa majina, kwa hiyo 10-dhcp.conf (ya DHCP, huduma inayogawa anwani za IP) inatangulia 50-default.conf ya Ubuntu. Ndani ya 10-dhcp.conf nimeweka mstari wa kupeleka ujumbe wa DHCP kwenye /var/log/dhcp.log, na chini yake amri ya stop, inayouzuia usiendelee mbele, la sivyo ujumbe uleule unaandikwa tena kwenye syslog, faili kuu la kumbukumbu, na diski inajaa bure. (Jina lisipoishia na .conf, halisomwi kabisa!) Kabla ya kuwasha rsyslog upya, piga rsyslogd -N1, itakuonyesha mstari wenye kosa. Raha yenyewe? Huduma ikiondoka, nafuta faili lake tu, mengine siyagusi.