Waridi lililokubali mawe na ukame

Bustani yangu ni mteremko wa mawe na changarawe, maji hayakai. Mawaridi ya maua makubwa yalinyauka kila kiangazi, hata nikiyamwagilia. Kilichosaidia ni kubadili aina: nikapanda Rosa spinosissima, waridi la porini linaloota lenyewe kwenye matuta ya mchanga ya pwani za Ulaya. Vipande vya kila jani lake ni vidogo kama kucha, miiba tele, matunda meusi. Huchipua pembeni kupitia mizizi (wengine hulichukia kwa hilo), lakini kwenye mteremko machipukizi hayo hushika udongo. Nilichagua miche isiyobebeshwa (inayokua kwa mizizi yake yenyewe, si kuunganishwa kwenye shina la waridi jingine), nikachimba mashimo marefu katikati ya mawe, nikatia mboji kidogo na kutandaza kokoto juu. Mwaka wa kwanza nilimwagilia kwa nadra ila kwa wingi, mizizi ifuate maji chini. Siku hizi simwagilii kabisa.