Nyumbani tu

Leo Jumamosi na bado naisikia ile "aah".

Wala haikuwa "aah" mbaya. Nimeshaigeuza kila upande, haikuwa na kejeli, haikuwa ndefu, ilikuwa ile ya mtu anayeandika kitu huku anakusikiliza kwa sikio moja, lakini imenikaa kooni kama mwiba wa samaki na tangu Jumanne nikifua naisikia, nikifunga mahesabu kazini naisikia, juzi nimeamka saa nane usiku kumfunika dogo nikaisikia kwenye korido.

Ngoja nianze mwanzo. Jumanne dila, yule muuzaji anayepokea oda za fundi wa magitaa, kanipigia, zamu yangu imefika. Ile foleni ya kutengenezewa gitaa niliyoingia mwaka jana, mnaikumbuka, niliyotoa advansi isiyorudishwa halafu nikamwambia mwenzangu ni kihela kidogo tu, ndiyo hiyo imefika. Fundi anataka kuanza kukata mbao na kabla hajakata lazima fomu ya oda ifungwe, na ikishafungwa haifunguliwi, ukija kukumbuka kwamba ulitaka freti (vile vichuma vilivyolala kwenye shingo) 24 badala ya 22 utakumbuka peke yako. Na wale mlioniuliza kwa nini siongei na fundi mwenyewe, ndio utaratibu wake, hapokei simu za wateja, angezipokea asingemaliza hata gitaa moja. Kila kitu kinapita kwa dila. Mimi nasema "shingo isinijae mkononi", yeye anaigeuza kuwa milimita na kuipeleka mbele.

Basi tukaenda mstari kwa mstari. Urefu wa uzi kutoka nati (kile kipande chenye mifereji kwenye mwanzo wa shingo) hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini nilishaamua zamani, inchi 24.75, sio 25.5 kama lile langu kuukuu, maana vidole vyangu vifupi na kwenye ule urefu mdogo freti zinasogeleana kidogo halafu uzi unakuwa mlaini, hauhitaji kuvutwa sana kufika kwenye noti yake. Upana wa nati milimita 42. Mwili mahogani. Ubao wa freti rosewood, ambayo ni ndugu kabisa wa mpingo wetu, jenasi moja, Dalbergia, ndiyo maana kuanzia 2017 kuvusha gitaa la namna hiyo mpakani kibiashara ilikuwa vurugu ya vibali, mpaka mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikalegezewa, isipokuwa vya ile rosewood ya Brazili. Dila alinieleza hayo yote kwa raha zake, ni mtu anayependa kazi yake, na mimi nikawa najibu kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha. Nilijisikia mtu. Nilikuwa natamka "pikapu" bila kucheka hata kidogo (wageni, sio gari, ni zile sumaku zenye koili ya waya zinazokaa chini ya nyuzi).

Halafu akauliza.

"Na unapiga wapi, dada?"

"Nyumbani tu."

"Aah. Sawa. Tuje kwenye pikapu sasa, koili moja au mbili?"

Mwisho. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Sekunde nne, labda tano. Nikamjibu mbili, tukamaliza, akaniaga vizuri, nikakata simu nikabaki nimesimama pale kwenye ngazi za ofisi na uso unawaka kama nimeulizwa umri.

Mwenzangu nilipomhadithia akaniuliza, "Kwani ulimdanganya?" Hapana sikumdanganya. "Sasa?" Sasa ndio hivyo, ningekuwa najua kuieleza ningekuwa silali macho wazi. Mdogo wangu yeye alicheka mpaka akakohoa. "Dada, yaani 'aah' nayo siku hizi ni tusi?" Nikamwambia hakuwepo. Akasema na wewe ulikuwepo lakini inaonekana hukusikiliza. Nikamkatia.

Nimetunga majibu mengine kama kumi na tano hivi. "Napiga hapa na pale." Uongo. "Nimewahi kupiga jukwaani." Kweli lakini ilikuwa mara moja, harusi ya binamu, na uzi wa kwanza ulikatika kabla bibi harusi hajaingia. "Kwa nini unauliza?" Hilo lingekuwa zuri, ningelisema kwa sauti ya chini, taratibu. Jumatano niliandika mpaka meseji, "Samahani kaka, nilisahau kukuambia kwamba pia huwa", nikakaa nayo hapo kwenye "huwa" kama dakika kumi, nikafuta.

Kinachonikera sio yeye. Yeye kaniuliza wapi. Jibu la wapi ni nyumbani. Ile "tu" nani aliiomba?

Maana nikianza kujichunguza naikuta kila mahali. Nikigonga mlango nikaulizwa nani, ni mimi tu. Nikiulizwa nafanya nini, nimekaa tu. Kazini nikiwa nimepiga hesabu ya robo mwaka nzima peke yangu natuma na maneno "nimejaribu tu". Hata advansi, si mmeona hapo juu, kihela kidogo tu, na hakikuwa kidogo hata kwa mbali. Na gitaa ndio kabisa, miaka kumi na moja napiga, kila usiku watoto wakilala, nusu saa, saa nzima nikijisahau, mara nyingi hata silichomeki kwenye amplifaya ili nisiwaamshe, na gitaa la umeme lisilochomekwa si unajua linavyolia, kama mtu anachokonoa spoki za baiskeli. Najua nyimbo ambazo hakuna binadamu amewahi kunisikia nazipiga. Zote hizo nimezifunga kwenye kafuko nikaandika juu "tu" nikamkabidhi dila.

Kati ya hayo yote wifi kajifungua mapacha, salama, wote watatu wazima, na ofisini tumepata bosi mpya.

(Wifi mwenyewe kasema kabeba mimba akazaa wawili na gitaa langu bado ni mti. Sikuwa na la kumjibu.)

Usiku wa Jumatano usingizi ukakataa nikaanza kusoma soma kwenye simu, nikitafuta nini sijui, labda mtu wa kunitetea. Nikamkuta Leo Fender. Mnamjua kwa jina, kichwa cha nusu ya magitaa mliyoyaona maishani kimeandikwa hivyo. Huyu alikuwa fundi redio, na gitaa lake maarufu, Stratocaster, lilipotoka kiwandani kwake mwaka 1954 yeye mwenyewe alikuwa hajui kupiga gitaa, na hakuja kujifunza mpaka kufa. Alikuwa anawapa wanamuziki wajaribu, anasikiliza wanavyolalamika, anarudi kurekebisha. Nikafurahi kama dakika tano. Halafu nikafikiria, sawa, lakini huyu angeulizwa unapiga wapi angesema sipigi, wazi, bila tu. Nikazima simu.

Alhamisi jioni dila akatuma picha.

Mbili. Ya kwanza ubao umelazwa kwenye benchi, mkavu, rangi ya kadibodi, kitu ambacho ungekikuta nyuma ya duka lolote la mbao ukakipita. Ya pili ubao uleule, fundi kapitisha kitambaa chenye spiriti nusu yake ili tuone utakavyokuwa ukishapigwa vanishi, na ile nusu iliyolowa imeamka, sina neno lingine, imekuwa nyekundu ya kahawia na mistari inakwenda kama maji yanayopita kwenye mchanga, kuna sehemu karibu na chini imejikunja kuzunguka kitu kama jicho dogo. Pembeni namba ya oda yangu kwa penseli. Nikaikuza ile namba mpaka ikawa vidotodoto. Nimeionesha kila mtu nyumbani, dogo kasema "ni ubao", mkubwa kasema "nzuri mama" bila kuinua kichwa, mwenzangu kaiangalia kwa muda mrefu kiasi nikamsamehe la Jumanne.

Jana ikaja fomu ya kusaini. Kurasa mbili. Nikaisoma kama mkataba wa nyumba, 24.75 ipo, 42 ipo, freti 22, pikapu mbili za koili mbili mbili. Hapo kwenye pikapu pana nyota na maelezo yapo chini kabisa, kwa maneno yake dila, nayanakili kama yalivyo:

"Mteja anapiga nyumbani, amekaa. Uzito usizidi kilo 3.2, mwili utobolewe ndani. Kiuno cha chini kikatwe kukaa vizuri kwenye paja. Shingo isiwe nzito kuliko mwili, isilalie mkono wa kushoto. Koili mbili kwa sababu ya muungurumo."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Muungurumo ndio lile jambo nililowahi kuwaandikia, mlio wa lile gitaa langu kuukuu nikikaa karibu na kompyuta, kama nyuki kwenye kopo, unapungua nikishika nyuzi kisha unarudi nikiachia. Koili moja inadaka kila kitu, sauti ya uzi na uchafu wa umeme wa nyumba pamoja. Ndio maana akina Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, miaka ya 50 wakamwachia fundi wao mmoja, Seth Lover, atafute dawa, na dawa yake ni koili mbili zilizoungwa kinyume, na sumaku nazo zimegeuzwa kinyume, ule uchafu ukiingia kote kuwili unajiua wenyewe na sauti ya uzi inabaki, tena inajumlika. Nimeielewa vizuri nikiwa nimechelewa miaka kumi na moja. Na jukwaani mtu anasimama na mkanda begani, uzito unamuumiza bega, ila ukikaa gitaa linatafuta namna ya kukutoroka pajani, kichwa kinashuka, mkono wa kushoto unafanya kazi mbili, kukamata noti na kubeba. Mimi nilidhani kila gitaa linafanya hivyo. Nilidhani ni mimi sijui kukaa.

Kwa hiyo "aah" ilikuwa anaandika. Kalamu inaenda. Mtu kaniuliza wapi kwa sababu alitaka kujua wapi, na nimeipekua ile fomu kurasa zote mbili na hakuandika "tu". Kaandika nyumbani, nukta... sawa ni mkato, lakini mnanielewa.

Nikasaini kwa kidole kwenye kioo cha simu, saini imetoka kama kuku kapita. Nikatuma. Nikamwandikia "Asante sana kaka, umenisikiliza", akajibu na ile emoji ya dole gumba, moja, na safari hii sijaichambua. Nimeiangalia mara mbili hivi.

Ila usiku nikaingiwa na ujinga mwingine. Fomu ikishafungwa haifunguliwi. Sasa nikitaka kusimama? Siku moja, sijui, mtu akaniita nikapige mahali, nikasimama na gitaa lililokatwa kwa ajili ya paja? Saa tano usiku nikatafuta ule mkanda uliokuja na gitaa kuukuu, uko chini ya kabati bado na plastiki yake, nikaufunga, nikasimama mbele ya kioo cha chumbani na taa imezimwa, mwanga wa nje ndio unaingia. Kimkanda kifupi. Gitaa limenifika kifuani kama nimebeba mtoto. Nikapiga kidogo hivyo hivyo, bila kuchomeka, freti ya saba inapiga kelele yake ya siku zote, na haikuwa mbaya, mgongo ulinyooka.

Nikageuka nikamkuta dogo mlangoni. Sijui kasimama hapo muda gani. Nikadhani atacheka, au ataomba maji. Akaniangalia, akaliangalia gitaa, akasema, "Mama, shule tunafunga lini?"

Nikamwambia bado wiki tano, nenda kalale baba. Akaenda. Hakubisha.

Ni mara ya tatu wiki hii. Jumatatu kaniuliza akiwa anafunga viatu, Alhamisi kaniuliza pale pale nikiwa namwonesha ubao, nikamjibu huku nimekodolea simu. Huyu mtoto ambaye likizo ndefu ilikuwa inamchosha siku ya nne tu anaanza kuulizia daftari zake. Mwalimu wake hajanipigia, na begi nimelikagua asubuhi hii, penseli zote zipo, ila kile kisanduku cha chakula chenye picha ya twiga simkuti nacho tangu sijui lini na nilikuwa hata sijagundua.