Mto chini ya goti ulinirudisha nyuma

Naandika kwa sababu kijana mwengine wa hapa Wete karudi juzi na goti la opereshini, nimekwenda kumkagua, nakuta keshatiliwa mto chini ya goti. Nikautoa palepale.

Mie ligamenti ya mbele ya goti la kushoto, ule utepe unaoshikanisha mifupa, ilikatika uwanjani, nikafanyiwa Dar, wakachukua ukano wa nyuma ya paja wakauweka badala yake. Milioni kadhaa ziliondoka, ng'ombe wa baba aliuzwa. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alinambia kabla sijapanda boti: kwanza goti linyooke sawasawa, kukunja kutafuata. Nyumbani shangazi akaleta mto, "mwanangu, goti lipumzike". Raha wallahi! Siku kumi nalala hivyo. Kuja kunyoosha, halinyooki, ngumi inapita baina ya goti na godoro. Kumbe likizoea kupinda, kovu linashikana humo ndani, kulirudisha ni kazi. Mto ukahamia chini ya kisigino, goti liko hewani linashuka kwa uzito wake, dakika kumi mara tano kwa siku, machozi yananitoka na shangazi analia na mimi. Zaidi ya mwezi mpaka likalala chini.

Na msikubali kukandwa maji moto na mafuta ya karafuu goti likiwa bado limevimba. Langu lilijaa kama dafu. Barafu ndani ya kitambaa ndiyo iliyonisaidia.

Kukunja nilibuni mwenyewe. Nakaa kwenye sakafu ya saruji, mguu una soksi ili uteleze, kanga naikunja ndefu naipitisha chini ya unyayo, navuta kwa mikono miwili taratibu kisigino kije kwangu. Kila Ijumaa mdogo wangu anapiga mstari wa chaki kilipofikia. Wiki nyengine mstari unasogea upana wa kidole tu, lakini unauona kwa macho, basi kesho unavuta tena.

Mwezi wa tatu natembea vizuri, wenzangu wananita uwanjani, nikakataa. Kwa wakati huo ule ukano mpya bado dhaifu hata kama huumwi, na mpira nimeambiwa si kabla ya miezi tisa, tena mpaka paja lipimwe nguvu.

Sasa niko mwezi wa nane. Ijumaa hii sikuchukua kiti msikitini, nimekaa tahiyatu, mguu wa kushoto umekunjika chini yangu mpaka imamu akatoa salamu. Alhamdulillah.