Kolamu nilizozificha

Jana jioni kijana wetu wa ofisini aliniuliza, "Dada, yule mzee wa Himo anataka ratiba ya ujenzi. Nimtumie hii hii?" Akanigeuzia kompyuta. Nikaona herufi za juu zinaruka kutoka D hadi J, yaani kolamu za katikati zimefichwa, moyo ukanipiga paa. Nikamwambia asiguse kitu.

Kosa hilo nililifanya mimi Septemba 2016, nyumba ya Mwalimu kule Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu mumewe. Mnaijua haraka ya miezi ile huku kwetu Kilimanjaro: Desemba ukoo mzima unapanda mlimani, na mwenye nyumba anataka wamkute ndani. Mwalimu alikuwa anajenga kwa kiinua mgongo. Kila baada ya siku mbili alinipigia: "Mwanangu, tumefika wapi?" Nikaona nimtumie ratiba nzima, atulie.

Ratiba yenyewe ilikuwa faili moja la Excel. Kushoto hatua za kazi: lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), kupaua, plasta, vigae. Kulia mambo yetu: malipo ya kila fundi, siku za akiba nilizoongeza kazi isije ikachelewa, na kolamu ya mwisho ya kujikumbusha. Nikazificha za kulia, nikatuma. Sikujua kwamba kuficha kolamu ni kuvuta pazia tu. Ukizichagua zile mbili za pembeni, ukabofya kulia na kuchagua Unhide, kila kitu kinarudi. Mjukuu wake wa kidato cha tatu alijua.

Asubuhi ile nilikuwa saiti. Lenta ilikuwa na siku tatu tangu imwagwe zege, na fundi mkuu alikuwa juu ya jukwaa anaimwagilia, maana zege jipya lisiponyweshwa angalau wiki moja linaweza kupasuka. Vibarua wanne chini wanachekecha mchanga. Mwalimu akatokea kati ya migomba, chupa ya chai mkono mmoja, karatasi alizochapisha Marangu Mtoni mkono wa pili. Akatusalimu, akainua uso.

"Fundi, pole sana na mgonjwa. Sikujua mama watoto amelazwa. Na ile hela uliyochukua mapema isikusumbue, baba, tutaelewana."

Alisema kwa upendo kabisa. Chekeche likasimama. Vibarua wote walimtazama fundi, na fundi hakumtazama yeyote kati yao. Aliiweka ndoo taratibu kwenye ubao, maji yakawa yanachuruzika kwenye tofali, akajifuta mikono kwenye suruali. "Asante, Mwalimu," akasema. Ndipo akanigeukia mimi.

Wiki moja kabla, jioni, watu wote wameshaondoka, alinisubiri getini akaniambia kwa sauti ya chini: "Injinia, hili libaki kati yetu." Nami nikaenda nikaliandika kwenye kolamu ya mwisho, nisije nikasahau kumkata.

Mwalimu aliniita pembeni. Kwa kalamu nyekundu alikuwa amezungushia "akiba siku 9". "Hizi ulinificha kwa nini? Ningezijua ningekuwa nalala." Nikaanza kumweleza habari za vuli, kwamba mvua ikianza lori la kokoto halipandi ile njia. Mama wa watu ameikanyaga ile njia tangu sijazaliwa.

Nyumba iliisha, Krismasi wakala ndani. Fundi alimaliza kazi yake vizuri kama kawaida. Tangu hapo kila nikimpigia, ana kazi Rombo.

Siku hizi mteja anapata karatasi yake peke yake, PDF, si faili letu lililofichwa sehemu: hatua, tarehe, na siku ambayo yeye anatakiwa awe ameamua rangi au amelipa. Siku za akiba naziandika wazi pamoja na sababu yake. Wenzangu wananiambia nakosea, mteja akiiona akiba ataila. Wawili wameshaila kweli, na bado sijui nani ana haki kati yetu. Ila shida za watu siziandiki tena kwenye faili lolote, hata la ofisini.

Jana tulikaa na kijana tukatengeneza upya ile ya mzee wa Himo. Kwenye kolamu I alikuwa ameandika jambo la fundi bomba. Nikamwomba alifute na kwetu pia.

Desemba iliyopita nilikutana na fundi soko la Mbuyuni, yuko na mkewe, mzima wa afya. Tukasalimiana vizuri. Akauliza hali ya Mwalimu, akauliza watoto. Habari za kazi hakuuliza.