Nilivyowafundisha walinzi, wanafunzi na mama wa usafi kukagua majengo baada ya tetemeko

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika chache, Dar es Salaam ilitikisika. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya jiji, na ukubwa ulikuwa karibu 6. Wengi mnaukumbuka usiku ule: watu walishuka ghorofani na khanga, na taulo, wengine peku. Chuoni kwetu wanafunzi walijaa uwanja wa mpira.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na usiku ule katika idara yetu nilikuwepo peke yangu. Kwenye saa nne binti mmoja akanifuata. "Shikamoo mama. Turudi tukalale, au?" Sikuwa na jibu la kumpa. Majengo yalikuwa zaidi ya thelathini, na mimi nilikuwa na tochi moja. Nilizunguka mpaka alfajiri. Kilichonitesa ni kwamba karibu kila ukuta ulikuwa na ufa, na sikujua upi ni wa usiku ule na upi una miaka kumi.

Nilipoomba ruhusa ya kufundisha watu wa kujitolea, nilipewa ushauri mwingi, na mwingi ulikuwa mbovu. Wa kwanza: "Kazi hiyo ni ya wahandisi, subirini waje." Nani atakuja? Jiji likitikisika vizuri, wahandisi wataanzia hospitalini, kwenye madaraja na kwenye maghorofa yaliyolala. Sisi tutafikiwa siku ya tatu au ya nne, na watoto wa watu watalala wapi? Niliwakumbusha Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016. Lile lilikuwa la 5.9 tu, mchana, na bado liliua watu zaidi ya kumi na tano na kuiharibu vibaya shule ya Ihungo. Hapo ndipo waliponisikiliza.

Ushauri wa pili ulikuwa nichukue wanafunzi wa uhandisi peke yao, "wale wa usafi watakupotezea muda." Huo nitaurudia.

Utaratibu tunaoufuata hatukuubuni sisi. Uliandikwa California mwaka 1989, wiki chache kabla ya tetemeko la Loma Prieta la Oktoba mwaka huohuo, na unatumia karatasi za rangi tatu mlangoni: kijani, ingieni; njano, kuingia kwa masharti; nyekundu, msiingie. Kule wanaobandika ni wahandisi na wakaguzi wa majengo. Kwetu watu wa kujitolea wanafanya mchujo wa kwanza tu. Wana mamlaka ya kufunga mlango, hawana mamlaka ya kuufungua uliofungwa. Hilo nilihakikisha limeandikwa na kusainiwa na wakubwa, kwa sababu mlinzi asiye na karatasi atasukumwa na profesa anayetaka kompyuta yake.

Jumamosi ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa na watu ishirini na wawili, nikawaweka ukumbini saa tatu nzima na projekta: mabamba ya ardhi, bonde la ufa, mawimbi yanavyosafiri. Baada ya chai nikawatoa wawiliwawili wakakague jengo la ghorofa mbili ambalo nalijua ni zima. Jozi kumi na moja zikatoka, na tisa zimeandika nyekundu! Niliwauliza mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa wameona nyufa nyembamba za lipu, zile zinazosambaa kama utando wa buibui, ambazo hutokea lipu ikikauka haraka. Na wengi waliogopa upenyo mrefu ulionyooka toka chini hadi juu, unaopitisha kidole. Ule uliachwa makusudi na wajenzi, ili vipande viwili vya jengo vitanuke na joto bila kusukumana. Wakati huohuo hakuna hata jozi moja iliyonyanyua macho kutazama tangi la maji juu ya paa.

Niliumia, lakini nilielewa. Niliwafundisha kwa nini ardhi inatikisika, sikuwafundisha macho yaende wapi.

Jumamosi iliyofuata sikuwasha projekta. Tulikaa chini ya jengo lenye maegesho, lile lililosimama juu ya nguzo tupu bila kuta, nikawaambia jengo la namna hii wakimbilie kulitazama kwanza, maana uzito wote uko juu na chini hakuna cha kuusaidia. Kisha nguzo: tazama inapokutana na boriti, juu na chini. Ufa wa mshazari kwenye nguzo, au nyufa mbili zilizokatana kama msalaba, au zege limedondoka mpaka nondo na ringi zake, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka, zinaonekana, usiingie, bandika nyekundu. Hapa pwani chumvi nayo huozesha nondo na kubandua zege bila tetemeko lolote, kwa hiyo tazama kama pale palipobanduka kuna kutu ya zamani au ni jeraha jipya jeupe. Jengo kuinama tulilipima kwa uzi wa fundi uliofungwa nati. Unausimamisha mbali kidogo na jengo, unafumba jicho moja, unalinganisha na kona.

Na zungukeni nje kwanza, pande zote. Nje kukiwa kubaya, ndani hapaendwi.

Halafu nikawategea mtego, na huu najivunia mpaka leo. Ijumaa jioni nilibaki na fundi wetu wa useremala. Tulibandika nyuzi nyeusi kwenye nguzo nne kama nyufa, tukazificha kidogo nyuma ya makabati. Tukaegemeza mtungi wa gesi wa maabara ukiwa mtupu, bila mnyororo wake. Mwisho, kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, tulilegeza skrubu za bawaba ya juu, mlango ukashuka kama milimita chache ukawa unasugua sakafu. Fremu ikipinda kwa tetemeko, mlango ndio unaosema wa kwanza.

Wanafunzi wa uhandisi walipata nyuzi zote nne na mtungi. Walikuwa hodari kweli. Mlango waliupita, kwa sababu tulikuwa tumeuacha wazi na hakuna aliyeugusa. Akaja mama mmoja wa usafi, mtu mzima, na mwenzake mlinzi. Alisimama pale mlangoni, akaushika, akausukuma. Ukakwaruza. Akaniita, "Dada, mlango huu jana asubuhi nimeufunga mwenyewe kwa kidole kimoja. Nani kaushusha?" Kisha akainama akanionyesha alama mpya sakafuni, kamstari ka nusu duara kwenye terazo aliyoipiga deki yeye. Nilimkumbatia. Nilitamani yule aliyenishauri angekuwepo.

Ni yeye aliyenipa na jambo kubwa kuliko yote. Alisema anazijua nyufa za jengo lake zote, "ila hii na hii huja masika, kiangazi zinafumba." Ni kweli, upande wetu wa bondeni udongo ni mfinyanzi, unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na kuta hupasuka kwa ngazi kufuata maungio ya tofali. Tangu siku hiyo tunatembea na penseli. Kila ufa unaojulikana tunaukata kwa kistari kidogo kwenye ncha zake mbili, tunaandika tarehe, tunapiga picha kwa simu. Tetemeko likipita, ufa uliovuka kistari unajisema wenyewe. Kama unasimamia jengo lolote, anza na penseli kabla ya kununua chochote.

Gharama? Kofia ngumu tuliazima kwa mkandarasi. Karatasi za rangi, tochi, uzi, chai na chapati kwa Jumamosi nne, kama laki tatu na kitu.

Rangi ya njano ilitusumbua kuliko nyekundu. Kila aliyeshindwa kuamua aliandika njano akaondoka. Sasa njano haipokelewi kama haijaandikwa sehemu gani imefungwa, nani anaruhusiwa kuingia na kwa kazi gani. Mwenye shaka aseme ana shaka na abandike nyekundu, mhandisi ataitoa. Na kijani inakufa ardhi ikitikisika tena, hata kidogo. Mnarudi mnazunguka upya.

Zoezi la mwisho tulifanya saa mbili usiku, meni swichi imezimwa, maana lile la 2020 halikutungoja kupambazuke. Jozi kumi na moja zilimaliza mabweni yote kwa saa moja na dakika arobaini. Mimi nilikaa uwanjani na daftari, nikipokea taarifa.

Mwezi huu tunaweka alama za penseli mabweni ya bondeni. Tumebakiza ghorofa mbili.